Barabara ya Likasi katika blanketi la viraka

Wengi wenu mmetuuliza juu ya blanketi la viraka lililotundikwa ukutani siku ya mkutano wa chama, na juu ya safari tuliyofanya nalo mpaka Likasi. Wengine mlisikia tu kwamba kulikuwa maneno kati yetu na wenzetu wa kule, na chumvi ikaongezwa njiani. Tunaandika kusudi mpate habari yote pamoja, kwa sababu blanketi, safari na maneno yale ni kitu kimoja.

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Karibu sisi wote tumepita njia hiyo mara nyingi: kwa kilio, kwa ndoa, kwa kupeleka mtoto masomoni. Na mtu anayepita njia moja kila mara haiangalii tena. Analala, au anahesabu franka zake kama zitatosha kurudi. Sisi tulianza kuiangalia njia ile kwa sababu ya mifuko miwili ya vipande vya vitambaa.

Mshonaji mmoja wa kikundi chetu alichoka kuona vipande vya vitenge vinavyobaki mezani pake vikitumiwa kuwashia mbabula. Akatuletea mifuko miwili ya unga, imejaa. Mlikuwa kila namna: vipande virefu na vyembamba kama kamba, pembe tatu zinazobaki mtu akikata shingo ya blauzi, ncha za kitenge zenye jina la kiwanda, hata mguu mzima wa suruali ya jinzi. Vipande vya namna hiyo vikiungwa jinsi vinavyotoka mfukoni havipendezi. Kitenge kimetengenezwa kivaliwe kikiwa kipana, na kila kimoja kina maneno yake: hiki kina ndege, hiki kina maua makubwa, hiki kina herufi. Ukiviweka pamoja bila mpango vinapigiana makelele.

Mpango ulitoka dirishani mwa basi. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa, mvua bado. Mwenzetu alikuwa anarudi kutoka kilio Likasi, akatuambia: “Pori lote limevaa kile kitenge cha rangi ya divai ambacho hatujui tukiweke wapi.” Ninyi mliokulia hapa mnajua jambo hilo. Miti ya miombo haingojei mvua. Inatoa majani mapya wakati udongo bado ni mkavu, na majani yale yanaanza kwa wekundu: mengine kama divai, mengine kama shaba iliyosuguliwa, mengine kama ngozi ya kitunguu. Yanakaa hivyo majuma machache, halafu yanakuwa kijani kama majani yote. Mtu asiyesafiri majuma yale hajui kama pori letu linaweza kuwa jekundu bila moto.

Toka siku hiyo tukaweka sheria moja. Kila mtu anayepita barabara ya Likasi alete rangi, asilete picha. Hatutaki kushona mti, wala nyumba, wala mlima. Tunataka kujua pale, kilometa fulani, dunia ina rangi gani, na ni kipande gani mfukoni kinafanana nayo. Mtu alisafiri na vipande vyake katika soda ya chumvi tupu, akavitoa mmoja mmoja dirishani kuvilinganisha. Dereva mmoja aliuliza kama ni dawa.

Barabara inaanza na weusi. Kabla ya kuacha mji unauona mlima ule wa kiwanda na bomba refu la moshi karibu yake. Mlima ule unaonekana mweusi tu, lakini mtu akiuangalia asubuhi, jua likiwa chini, anaona zambarau ndani yake, na mahali pengine bluu kama ya shingo la njiwa. Kwa hiyo safu ya kwanza ya blanketi haina kipande cheusi kabisa hata kimoja. Ina bluu ya usiku, kahawia iliyoiva sana, na bitana ya koti la mwanaume. Mlima wenyewe ni mabaki. Ni kile kilichotupwa mawe yalipoyeyushwa kutoa shaba, tangu zamani za Union Minière. Kwa miaka mingi ulikuwa takataka tu. Halafu ikajulikana kwamba ndani yake mna kobalti, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 unachotwa na kuyeyushwa tena. Ndiyo maana wazee wanasema umepungua. Mshonaji wetu aliposikia maelezo hayo alicheka: “Basi hata wenye kiwanda wanarudi kuokota vipande!”

Mji ukiisha, unaanza udongo. Rangi yake si moja. Karibu na barabara ni nyekundu ya vumbi, lakini kwenye vichuguu inakuwa kahawia yenye njano. Vichuguu vya kwetu ni vikubwa, vingine vinazidi paa la nyumba, na udongo wake ndio unaofyatuliwa matofali. Kwa hiyo katika safu ya tatu na ya nne kuna rangi ya tofali bichi, rangi ya tofali lililoungua vizuri, na rangi ya lile lililoungua kupita kiasi ambalo hakuna anayelinunua. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyetofautisha hizo tatu. Sisi wengine tuliona nyekundu tu.

Halafu makala. Mifuko imesimama mistari mistari kando ya barabara, imefungwa juu kwa majani, na nyuma ya mifuko ile unaona pori linakwenda mbali zaidi kila mwaka. Hatutaki kusema mengi hapa, kwa sababu sisi wote tunapikia makala. Tuliweka tu vipande vya kijivu, na kati yake kipande kimoja cha kijani. Mama mmoja aliyeuza makala barabarani miaka mingi kabla ya kuja mjini alituomba tupunguze kijani hicho, kwa kuwa siku hizi ukitafuta mti mkubwa karibu na barabara hauupati. Tukakikata nusu.

Kupita hapo, kuelekea Luisha, inakuja kijani nyingine ambayo si ya majani. Ni kijani ya malakite, ile mafundi wanayochonga kuwa shanga na visahani, na inaonekana kwenye mawe yaliyopasuliwa, imechanganyika na udongo. Udongo wenye shaba nyingi unajionyesha hata mahali ambapo hapajachimbwa: miti inakataa kuota, panabaki uwanja wa majani mafupi na mimea michache inayovumilia. Mmoja wao ni ua la shaba, ambalo wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense. Ni mmea mdogo, na watafuta madini waliufuata kama alama. Kwa uwanja huo tulitumia kitenge cha zamani kilichopauka, kwa kuwa kijani mpya ya dukani ina kiburi kuliko jiwe lenyewe.

Karibu na Kapolowe unavuka Lufira. Hapo ndipo tumeshindwa mpaka sasa, tutasema baadaye.

Likasi inajitokeza kwa vilima, na mwezi wa tisa na wa kumi inajitokeza kwa jakaranda. Safu ya mwisho ni zambarau ya maua yale, yale yaliyo juu ya mti na yale yaliyoanguka chini yakakanyagwa, maana hayafanani.

Sasa kazi yenyewe, kwa ajili ya wale waliotuomba. Blanketi lina viraka 12 kwa upana na 16 kwa urefu, jumla 192. Kila kiraka tulikikata sentimeta 14, tukila sentimeta moja kila upande kwa mshono, kinabaki 12. Ukipiga hesabu unapata blanketi la sentimeta 144 kwa 192, na kila safu inasimama mahali pa kilometa saba na nusu za barabara. Kipimo tulikikata katika kartoni ngumu, na kila jioni tulikilinganisha na rula, kwa sababu kartoni inalika kidogo kidogo na makasi, na viraka vya mwisho vinakuwa vidogo kuliko vya kwanza.

Fueni vipande vyote kabla ya kukata. Kitenge kipya kinarudi nyuma kikilowa, na chekundu kinatoa rangi. Kiloweshwe peke yake, kisuzwe mpaka maji yawe safi. Piga pasi. Weka mbali jinzi na vitambaa vizito, maana kiraka kizito kitaurarua jirani yake mwembamba. Tandika viraka vyote chini kabla ya kushona hata kimoja, panda juu ya kiti, uangalie kwa macho yaliyofumbwa nusu. Kile kinachoruka machoni kabla ya vingine, kiondoe. Ukimaliza kuunga, weka blanketi la zamani katikati na shuka chini, halafu pitisha uzi katika vyote vitatu kuanzia katikati kwenda pembeni, kusudi kitambaa kisikusanye mikunjo.

Siyo wote wanaoanza katikati. Kule India, katika Karnataka, kuna Wasidi, wazao wa Waafrika waliofika kule karne nyingi zilizopita, na wamama wao wanashona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi. Wao wanaanza ukingoni, wanazunguka kuelekea ndani mpaka wanafika katikati. Kwenye pembe nne wanaongeza vitambaa vidogo vilivyokunjwa, wanaviita maua, na blanketi lisilo na maua hayo kwao liko uchi. Tulipendezwa, tukaweka manne ya zambarau kwenye lile letu. Ndiyo yale mliyouliza kama tulisahau kuyashona vizuri.

Kushona kwa mkono kunaacha masikio bure. Kwa hiyo siku ya posho mmoja wetu alisoma na wengine walishona. Kitabu hatukukichagua kwa akili nyingi. Katika sanduku la vitabu vya kikundi, lile mnalolijua, mlikuwa kitabu kinene cha Kifaransa kisicho na jalada, juu ya historia ya maktaba, ambacho hakuna msichana aliyewahi kukiomba. Tulikisoma aya moja moja, na msomaji akigeuza kwa Kiswahili. Ilichukua miezi minane, sawasawa na blanketi.

Mwanzo ulitupita haraka. Alexandria kila mtu ameisikia, ila hatukujua kwamba wafalme wa kule waliamuru meli zikifika bandarini vitabu vyake vichukuliwe, vinakiliwe, na mara nyingi mwenyewe alirudishiwa nakala na maktaba ikabaki na asili. Mshonaji wetu alisema anawafahamu wateja wa namna hiyo. Timbuktu ilitukalisha zaidi. Kule maandiko ya zamani mengi yalitunzwa nyumbani, katika jamaa, baba akimwachia mtoto. Mwaka 2012, watu wenye silaha walipoushika mji, watunzaji waliyatia maandiko katika masanduku ya chuma, wakayapitisha kwa gari na kwa mitumbwi ya mto Niger mpaka Bamako. Masanduku ya chuma, kama letu. Tulinyamaza kidogo jioni hiyo, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa anafikiri angebeba nini kwanza.

Lakini sura iliyobaki na sisi ni ya Louvain, mji wa Ubelgiji ambao wengine wanauita Leuven. Jina hilo si geni katika nchi yetu. Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ni jina la Louvain kwa Kilatini, kwa kuwa chuo cha Louvain ndicho kilichokizaa. Mwaka 1971 Lovanium iliunganishwa na chuo cha Lubumbashi na kile cha Kisangani kuwa UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Walimu wa walimu wetu walipita humo.

Chuo cha Louvain kilianza mwaka 1425. Maktaba yake ilikaa katika nyumba ambayo mwanzoni haikuwa ya vitabu. Ilijengwa katika karne ya 14 kuwa nyumba ya wafanyabiashara wa vitambaa! Hapo msomaji alilazimika kurudia, maana watu waliacha sindano. Usiku wa tarehe 25 mwezi wa nane 1914, askari wa Kijerumani waliichoma. Vitabu karibu 300,000 viliungua, pamoja na maandiko ya mkono ambayo hayakuwa na nakala popote duniani.

Ikajengwa upya mahali pengine mjini, na ilijengwa kwa vipande. Maktaba ya John Rylands ya Manchester, huko Uingereza, ilikusanya vitabu kutoka kwa watu na vyuo vingi, zaidi ya 50,000, ikavituma. Mapatano ya Versailles yaliilazimisha Ujerumani kutoa vitabu na maandiko kulipa yale yaliyoungua. Fedha za jengo zilitoka hasa Marekani, na majina ya vyuo na shule zilizochanga yalichongwa katika mawe ya kuta, jiwe kwa jiwe. Jengo lilifunguliwa tarehe 4 mwezi wa saba 1928. Mwezi wa tano 1940, vita vingine, likaungua tena, na safari hii vitabu karibu 900,000. Wakajenga tena, wakakusanya tena.

Mtu angefikiri maktaba iliyoungua mara mbili haiwezi kupata jambo lingine. Ila mwaka 1968 ugomvi wa lugha, Kifaransa na Kiholanzi, uligawa chuo. Wale wa Kifaransa wakahamia mji mpya, Louvain-la-Neuve. Na vitabu? Viligawanywa kwa namba zilizoandikwa migongoni mwake. Namba 1, 3, 5 na kuendelea zilibaki Leuven. Namba 2, 4, 6 zilihama. Hakukuwa moto wala askari. Ilikuwa hesabu safi ambayo hakuna angeweza kuilalamikia.

Sasa mtaelewa kwa nini sura hiyo tulikwenda nayo Likasi.

Kikundi cha Likasi kilizaliwa ndani ya chetu. Kwa miaka mitano tulichanga pamoja, na vitabu 214 vya sanduku vilipatikana pamoja: vingine viliachwa na mwalimu aliyestaafu, vingine vilitoka masomo yaliyofungwa, vingine tulivinunua kimoja kimoja sokoni. Wasichana wanakuja kuviazima Jumatano na siku ya posho. Mwaka huu wenzetu walituandikia barua. Usafiri ni ghali, mikutano yote iko kwetu, wasichana wa Likasi hawaoni vitabu ambavyo mama zao walichangia. Wanataka kusimama peke yao, na wanaomba nusu ya sanduku. Barua ilikuwa ya adabu. Majibu ya baadhi yetu hayakuwa ya adabu sana, na ndiyo maneno mliyoyasikia. Kulikuwa aliyesema vitabu vimezoea Lubumbashi. Kulikuwa aliyesema basi wachukue vyote na sisi tufunge. Wasichana watatu wanaojitayarisha kwa mtihani wa serikali walikuja kutuuliza kama sanduku litakuwa bado pale mwezi ujao, na hatukuwa na jibu la kuwapa.

Tulikwenda watu sita, tukiwa na kaye yenye orodha ya vitabu, na blanketi katika mfuko. Tuliongozwa na yaya wetu mkubwa, ambaye hakusema neno tangu Lubumbashi mpaka peaje ya mwisho, isipokuwa mara moja, kuonyesha kwa kidole majani mekundu na kusema kwamba safu ya saba tumeipatia.

Wenzetu walitupokea Kikula, chini ya mwembe, na kwanza tulikula bukari na samaki wa Kapolowe, kwa kuwa mambo ya namna hii hayaongelewi na njaa. Halafu kaye ikafunguliwa. Mama kijana wa Likasi, mwenye akili ya hesabu, akatoa shauri lililopendwa na wote mara moja: kitabu cha kwanza kwenu, cha pili kwetu, cha tatu kwenu, cha nne kwetu, mpaka mwisho. Hakuna wa kuchagua, hakuna wa kuiba. Watu wakaitikia kwa vichwa pande zote mbili.

Msomaji wetu akaomba ruhusa, akasimulia habari za Louvain, toka nyumba ya vitambaa mpaka namba za migongoni. Mzee mmoja wa Likasi, mama mwenye wajukuu wengi, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: “Sasa mtu akisoma kitabu cha kwanza na kukimaliza, cha pili anakifuata kwa treni?” Watu walicheka, lakini tayari mwalimu mmoja alikuwa anapitisha kidole katika kaye. Namba 41 mpaka 46 ni kitabu cha hesabu cha masomo ya msingi, mwaka wa kwanza mpaka wa sita. Kwa shauri la mama kijana, watoto wa Likasi wangejifunza mwaka wa pili, wa nne na wa sita. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisema kwa sauti, akacheka kuliko sisi.

Mshonaji wetu ndiye aliyefungua njia, kwa maneno ya kazi yake: nguo ikibidi kufumuliwa, unafumua penye mshono, hukati kitambaa. Basi tulianza kutafuta mshono uko wapi. Vitabu vinavyofuatana vikae pamoja. Vya watoto wadogo, 88, viende Likasi, kwa sababu wenzetu wanakutana karibu na masomo ya msingi na watoto wanapita mlangoni kila siku. Vya sekondari vibaki kwetu. Riwaya na vitabu vya afya viligawanywa kwa mazungumzo, kimoja kimoja, na hiyo ilichukua saa tatu. Kaye ikanakiliwa yote, vitabu vyote 214, nakala moja kule na moja huku, na kando ya kila jina mahali kilipo. Msichana wa Kikula akihitaji kitabu kilicho kwetu ataandika namba yake, na mtu yeyote anayesafiri atakibeba. Barabara ile haikosi mtu anayesafiri.

Jambo moja halikukaa vizuri, na tunalisema. Vitabu vya maswali ya zamani ya mtihani wa serikali ni vitatu tu, na pande zote mbili zina wasichana wanaovihitaji katika miezi ileile. Tumekubaliana vizunguke, miezi miwili hapa, miezi miwili pale. Kwa maoni yetu mpango huo ni dhaifu, kwa sababu anayevipata mwezi wa pili na wa tatu hayuko sawa na anayevipata mwezi wa tano na wa sita. Ye yote mwenye nakala nyumbani, hata iliyochanika, aikumbuke habari hii.

Blanketi lilitoka mfukoni mwisho kabisa. Lilitandikwa chini ya mwembe, upande mweusi ukielekea Lubumbashi na upande wa zambarau ukielekea mji wao. Kuna aliyenong'ona kwamba lingeweza kukatwa katikati, safu nane kwa nane. Mama mzee akainama, akatafuta mahali pale kwa mkono. Kati ya safu ya nane na ya tisa ni porini, majani mekundu huku na huku, hakuna kijiji. “Hapa,” akasema, “hata basi haisimami.” Basi blanketi halikukatwa. Limebaki Likasi mpaka Pasaka, halafu litarudi kwetu mpaka mwisho wa mwaka wa masomo.

Na wenzetu wameanza lao. Wanachukua barabara inayoendelea mbele, toka Likasi mpaka Kolwezi, karibu kilometa 180, na wamekubali viraka vya sentimeta 14 na mshono wa sentimeta moja kama vyetu. Safu yao ya kwanza itakuwa zambarau ya jakaranda, iwe sawa na ya mwisho ya kwetu. Tuliwaachia mfuko mmoja wa vipande, pamoja na ile suruali ya jinzi, ambayo wao wanasema wanajua mahali pake.

Inabaki Lufira. Safu ya kumi na tatu ya blanketi letu ina viraka kumi na mbili vya maji, na si vya kweli. Tumeweka bluu, kwa kuwa mifukoni kulikuwa bluu, lakini maji yale hayana bluu isipokuwa siku ya mbingu safi. Mwisho wa kiangazi ni kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, na ukingoni, chini ya majani, ni kijani yenye giza. Yaya mkubwa anasema anakumbuka kitenge cha rangi hiyo, wamama walikivaa alipokuwa msichana. Mwenye kipande, hata cha sentimeta 14 tu, akilete kwa mshonaji siku ya posho kabla ya saa kumi. Kifuliwe kwanza.